Bomba Moja, Dawa Mbili

Morogoro
12 Februari 1995

Dada Felisita,

Mwangaluka, wewe na shemeji Danford na wote mlioko Somanda. Huku tu wazima, ila joto limezidi na maji yanatoka siku mbili tu kwa juma. Wifi yako Joyness anakusalimu. Mayu ameniletea barua, kaka Masunga ndiye aliyemwandikia mama yetu. Mama anasema mahindi ya Mwandoya yamekauka kabla ya kubeba, lakini ng'ombe wake kumi na mmoja wako salama, na kwake hiyo ndiyo habari kubwa.

Sasa jambo lenyewe. Idara imeniazima kwa mradi mmoja wa mifugo hapa mjini, kwa miezi sita. Unajua hali ilivyo siku hizi. Majosho yamekauka, mabwana mifugo wamepunguzwa, dawa zinauzwa mnadani pamoja na vitunguu, na kila mwenye ng'ombe ana bomba lake la sindano. Mradi unataka wafugaji wajifunze kutumia dawa bila kukalishwa darasani, maana darasani wanasinzia. Mimi nikasema tuwatengenezee mchezo. Wakacheka, kisha wakaniambia haya, tengeneza. Kamati itakaa mwezi wa nane. Ikiukubali mchezo napata mkataba wa miaka miwili. Ikiukataa narudi nyumbani na cheti changu nikalime pamba.

Katika kifurushi hiki kuna karatasi ngumu niliyoichora njia ya kuzunguka: zizi, lambo, mnada, duka la dawa. Wanacheza watu wanne hadi sita. Kila mmoja anaanza na ng'ombe sita. Tumieni mbegu za pamba, kunde, mahindi, chochote, mradi ng'ombe wa huyu wasifanane na wa yule. Unarusha dadu, unatembea, unaokota kadi ya ugonjwa. Bomba la sindano ni moja kwa wote, ni kile kijiti chenye uzi mwekundu. Anayefika dukani analichukua na kukaa nalo mpaka dadu yake itoe moja. Linaruhusu dawa zote tano: penisilini, tetra, dawa ya njano ya nagana, ule ugonjwa wa mbung'o, chanjo ya chambavu, ile ya kuvimba mapaja, na vitamini. Anayebaki na ng'ombe wengi ndiye mshindi.

Ulifanya kazi wodini miaka kumi na minane, kwa hiyo jicho lako nalitegemea. Cheza na watu wako, kisha uniambie ukweli, si maneno ya kunifurahisha.

Mdogo wako,
Nyanda


Somanda, Bariadi
19 Machi 1995

Mdogo wangu Nyanda,

Barua yako imechukua wiki tatu, nadhani ilikuja kwa miguu. Sisi tuko mhola, shukrani kwa Mungu. Danford goti linamsumbua kila mawingu yakitanda, na mvua yenyewe hainyeshi, kwa hiyo anaumwa bure. Duka langu linakwenda. Tangu hospitali ianze kutoza, watu wanaanzia kwangu, na sasa nimeongeza rafu moja ya dawa za mifugo. Kaka Masunga yuko hapa tangu mwanzo wa mwezi. Alikuja kung'oa jino, jino limeng'oka, yeye hataki kuondoka. Wifi mbona haandiki? Alizoea kuniwekea mistari miwili chini ya barua yako.

Mchezo tumeucheza Jumapili tatu baada ya misa, barazani mbele ya duka. Wachezaji ni Danford, Masunga, mimi, na Esteria jirani yangu, yule fundi cherehani. Ukweli ulioutaka ndio huu: mchezo wako ni mbio za kwenda dukani. Anayelipata bomba anaponya kila kitu, wengine kazi yao ni kuzika. Jumapili iliyopita Masunga alilipata mapema akalikalia. Nasema alilikalia kweli, aliliweka chini ya makalio ili lisiguswe. Robo saa mchezo ukawa umekwisha. Esteria alikasirika akala ng'ombe wake wote, maana walikuwa karanga.

Halafu Masunga anauliza kwa nini bomba haliruhusu dawa ya mti. Anasema Bagika na Bagalu wakishindana ngoma kila upande unakuja na dawa yake, na hakuna anayewaandikia ipi iruhusiwe. Nimemwambia nitakufikishia. Nimekufikishia.

Dada yako,
Felisita


Morogoro
16 Aprili 1995

Dada,

Pasaka njema. Mvua zimefika huku, barabara ya kwetu imekuwa mto. Nimefurahi duka linakwenda. Mpe pole shemeji. Kuhusu wifi yako, shughuli ni nyingi.

Umesema kweli na nilistahili. Bomba linaloruhusu kila dawa linaua mchezo. Nimebadilisha. Sasa linaruhusu dawa moja tu. Ukitaka kuweka nyingine, unapoteza zamu moja ya kuchemsha sindano na kuosha bomba. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe wa kweli pia, kwa hiyo mtu anajifunza huku anacheza. Nimeridhika nalo sana badiliko hili.

Mwambie kaka dawa ya mti imekaa vizuri ngomani. Bomba lina mistari ya kupimia, na kisichopimika kwa mistari hiyo hakiingii.

Hapa ofisini msimamizi wetu, Bwana Kristofa, amenionya kwamba kamati haitasoma sheria zangu. Watakaa chini wacheze, na wakichoka tumekwisha. Kwa hiyo nisaidie.

Nyanda


Somanda
14 Mei 1995

Nyanda mdogo wangu,

Tumeshinda salama. Pamba imeanza kupasuka, na mwaka huu wanunuzi wamejaa kama nzige, kila mmoja na mzani wake na lori lake. Chama cha ushirika kimekaa kinatazama. Danford ameshapigiwa hodi na watu watatu kabla hajachuma hata gunia moja, anajiona mkubwa. Wifi bado nina deni lake la salamu, au yeye ana deni langu, sijui tena.

Bomba lako la dawa moja tumelijaribu. Mdogo wangu, hakuna mtu anayelitaka. Unaweka penisilini, unaokota kadi ya nagana. Unapoteza zamu unachemsha, ng'ombe amekufa. Unaweka dawa ya njano, inakuja chambavu. Nusu saa wote tumebaki na ng'ombe mmoja mmoja tunatazamana. Esteria alisema huu si mchezo, ni matanga, tuwashe moto tulale nje. Danford alilala palepale kwenye kiti.

Sasa sikiliza wazo langu. Ruhusu dawa mbili ndani ya bomba moja, ila zichaguliwe zipi na zipi. Mtu akibahatisha jozi yake anapata nguvu kidogo, lakini si nguvu ya kumaliza wote. Wodini ningefukuzwa kazi kwa kusema hivyo, najua, ila hawa ni kunde na karanga. Tumejaribu wenyewe kwa penisilini na ile ya njano. Tulicheza mpaka giza likaingia, na Masunga, aliyerudi tena kwa kisingizio cha jino jingine, alishindwa kwa ng'ombe mmoja tu. Alidai turudie.

Usiogope kufuta kilichokuridhisha.

Felisita


Morogoro
18 Juni 1995

Dada mpendwa,

Mimi mzima. Baridi imeingia, nalala na koti.

Wazo lako nimelichukua lote. Nimelala nalo wiki mbili, nikihesabu kadi. Nimeandika hivi kwenye karatasi ya sheria: "Bomba huruhusu dawa moja, au penisilini pamoja na dawa ya njano. Jozi nyingine hairuhusiwi." Nimeujaribu na madereva wa mradi. Hakuna aliyeshinda kabla ya saa nzima, na hakuna aliyeinuka. Dereva mmoja alikosa safari ya Dodoma. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona kitu changu kikipendwa namna hiyo, na nakuambia bila haya kwamba nilitoka nje nikafuta macho.

Najua zile mbili hazikai pamoja katika bomba la kweli. Bwana Kristofa naye anajua. Tumekubaliana ni mchezo, na nagana na chambavu zinabaki na dawa zake sahihi, kwa hiyo somo kubwa lipo palepale.

Jambo jingine. Maafisa wa kata wakiona dadu na mbegu watadhani ni kamari na kuwakamata watu. Kwa hiyo Bwana Kristofa amegonga muhuri wa mradi kwenye kila karatasi ya sheria. Nimetengeneza nakala kumi za majaribio, sheria nimeziandika kwa mkono mwenyewe maana taipu imeharibika. Tatu zinakuja kwako: moja yako, moja upeleke Nyalikungu kwa Katekista Januarius, na moja ya kaka Masunga aende nayo Mwandoya, asiwe anabuni meno. Nyingine saba zinapelekwa na gari la mradi huko Maswa na Meatu.

Kamati ni tarehe 22 Agosti. Niombeeni.

Nyanda


Somanda
30 Julai 1995

Nyanda,

Salamu. Sisi wazima. Pamba imeuzwa. Mayu yupo. Masunga yupo.

Mchezo unapendwa. Barazani kwangu sasa wanapanga foleni, na Januarius ameleta salamu kwamba Nyalikungu wanacheza hata siku za kazi. Wameanza kujigawa pande mbili kama wachezaji ngoma, na upande ulioshindwa unabeba maji.

Nakuuliza kitu kidogo. Zile dawa mbili, kwa ng'ombe zinakaa pamoja au hazikai? Kwa watu najua. Nauliza tu.

Goti la Danford limepata nafuu.

Felisita


Morogoro
27 Agosti 1995

Dada yangu,

Umekubaliwa. Kamati imeukubali. Walicheza saa moja na nusu, na mzee mmoja mwenye tai aligombana na mwenzake kuhusu zamu ya kuchemsha sindano. Watachapa nakala mia nne kwa wilaya sita, na mkataba wangu utasainiwa tarehe 2 Oktoba. Miaka miwili, dada. Nilitaka kupiga simu posta lakini simu ya kwenu haiiti. Jina lako nimelitaja mbele ya kamati, kwamba sheria ya dawa mbili imetoka Bariadi. Walipiga makofi.

Swali lako: hapana, hazikai pamoja. Huvunjana nguvu humo ndani ya bomba, na ng'ombe anabaki na ugonjwa wake kama hakuchomwa kitu. Nilikuambia Juni, labda ulisahau. Lakini huo ni mchezo na kila mtu anaelewa ni mchezo.

Barua yako ilikuwa fupi. Mko salama kweli?

Nyanda


Somanda
17 Septemba 1995

Mdogo wangu Nyanda,

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana.

Nikupongeze kwanza, maana nimefurahi kweli. Nilimsomea Danford barua yako, akasimama kwa goti lile bovu akanishika mkono kama mtu wa serikali.

Sasa nisikilize. Tarehe 11 Julai kaka Masunga alikuja dukani kwangu. Alisema ng'ombe wa mayu wanakonda, manyoya yamesimama, macho yanatoka machozi, na mbung'o ni wengi mwaka huu. Aliomba penisilini, dawa ya njano na bomba moja. Nikamuuliza kwa nini bomba moja. Akasema, "Si zinakaa pamoja, Felisita? Nyanda kaandika." Kulikuwa na wateja watatu nyuma yake. Nilijua hazikai, nilifundishwa hilo nikiwa msichana wa miaka ishirini. Nikajiambia labda ng'ombe si kama watu, na Nyanda ndiye aliyesomea ng'ombe. Nikamfungia dawa kwenye gazeti. Barua yako ya Juni ilikuwa mezani, nilikuwa nimeisoma kwa macho ya kutafuta tarehe ya kamati tu.

Aliwachoma wote kumi na mmoja. Saba wamekufa. Wa kwanza alikufa tarehe 20 Julai. Nilipata habari tarehe 25, na tarehe 30 nikakuandikia kwamba mayu yupo na Masunga yupo, na ni kweli walikuwepo.

Sikukuambia kwa sababu ya mkataba. Nilisema akisha kusaini nitamwambia. Kisha ukaandika nakala mia nne, wilaya sita. Nilihesabu mazizi kichwani, wilaya kwa wilaya. Mbele ya kamati wamepigia makofi wazo langu, Nyanda.

Nakala yangu nimeitia motoni. Esteria amenuna, anasema nimemnyima Jumapili. Watu wanaambiana kwamba ni karatasi ya serikali, ina muhuri, na kama serikali imeruhusu mimi ni nani.

La mwisho. Wifi alipita hapa Jumatatu akienda kwa dada yake Mwanza. Amenieleza kwamba yuko kwao tangu Desemba, na kwa nini. Sikulaumu. Lakini nilikuwa nakuuliza kila barua.

Mkataba ni wako, na mimi sikuambii ufanye nini.

Felisita


Mwandoya
22 Oktoba 1995

Dada Felisita,

Mwangaluka. Unaona mahali ninapoandikia. Nilifika juzi, kwa treni mpaka Shinyanga, kisha lori la pamba, kisha baiskeli.

Nianze na nilichokificha. Idara haikuniazima. Nilipunguzwa Novemba pamoja na wenzangu arobaini, mradi ukanichukua kwa kibarua tu cha kubuni mchezo, na Joyness akasema hawezi kukaa kwenye chumba cha kupanga akingoja mchezo wa kunde. Nilikuona wewe una duka na Danford ana pamba, nikaona haya.

Barua yako ilifika tarehe 29 Septemba, siku tatu kabla ya kusaini. Nilimpelekea Bwana Kristofa nikamsomea kipande cha Masunga. Alisikitika kweli. Akashauri tuongeze mstari chini: huu ni mchezo tu. Nikamwambia mstari hautoshi, tuiondoe sheria yenyewe. Akasema turudi kwenye dawa moja basi. Tukakaa wanne tukacheza ya dawa moja, na kabla ya nusu saa yeye mwenyewe alikuwa anatazama dirishani. Wiki iliyofuata wakaamua fedha ziende kwenye mabango ya ukutani. Mabango hayanihitaji. Nakala mia nne hazikuchapwa, na mimi sikusaini.

Nimepita kukusanya zile za majaribio. Ukiacha yako iliyoungua, nimepata sita kati ya tisa. Nyalikungu Januarius aliapa kwamba imepotea, huku nyuma ya nyumba nasikia dadu zinagonga. Nilimweleza habari ya ng'ombe wa mama. Akaniambia pole, akaingia ndani, akaniletea maji ya kunywa. Karatasi hakuniletea. Kesho kutwa nitarudi, na nikishindwa nitasimama kanisani niseme mbele ya watu wote.

Mayu hakunigombeza. Amekonda. Alinionyesha walipofukiwa, mmoja mmoja kwa jina, kisha akaniuliza kama nimekula.

Na Masunga nilikaa naye zizini jioni. Nilikuwa nimejiandaa njiani kote. Nilimwambia kosa lilikuwa muhuri, tusingeugonga muhuri watu wasingedhani ni amri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Muhuri sikuutazama mimi. Niliona mwandiko wako. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika sindano, sijawahi kumchoma ng'ombe kwa neno la mtu mwingine." Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananieleza tu.

Nililia hapohapo, dada, mbele ya ng'ombe, naye akajifanya anakaza kamba ya mlango.

Leo asubuhi tumewachoma wale wanne waliobaki, dawa ya njano peke yake, sindano imechemshwa kila mara. Kabla sijaanza nilimpa Masunga chupa na bomba mkononi. Nikamwambia safari hii asome maandishi ya chupa, apime mwenyewe, aniulize kila hatua, na kama haelewi anikatalie. Aliigeuza ile chupa, akaitazama kidogo, akanirudishia. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma. Choma."

Mdogo wako,
Nyanda